Alama Chini ya Chokaa

Nilimwahidi mjomba wangu kwamba nitakuwa sikio lake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimesimama pekupeku kwenye umande, na ahadi ile niliitoa kwa wepesi wa mtoto anayeahidi kurudisha ungo wa jirani. Mwezi uliopita, katika shule ninayofundisha, wanafunzi walichanganya chokaa ndani ya pipa ili wapake mashina ya miti kabla ya ugeni. Harufu ya chokaa mbichi iliyotiwa chumvi, kali, yenye kuwasha puani, ilinifikia ofisini nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Asubuhi ile sikusahihisha daftari hata moja.

Ninyi mnaosoma, niruhusuni niwaeleze jambo ambalo sikupata kumweleza hata padri aliyenibatiza.

Mjomba Bukuru, ambaye kwa Kihangaza tulimwita Marume, yaani ndugu wa mama, alikuwa mtunza miti. Wengi walimwita mkata miti, naye jina hilo hakulipenda. Wenye utani walimwita mganga wa miti, na hilo aliliitikia. Zamani kazi yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa kila familia iliishi mlimani kwake na migomba yake. Lakini tulipoteremshwa kuishi katika kijiji cha ujamaa, nyumba zetu zilipangwa kwa mstari kando ya barabara, na mstari huo ulifuata mikaratusi mirefu iliyopandwa na watu waliotutangulia. Ghafla kila paa lilikuwa chini ya tawi zito kama fahali. Upepo ulipovuma, kina mama waliwatoa watoto nje na kumtuma mtu kwa Marume.

Vifaa vyake vilikaa ndani ya gunia lililoning'inizwa juu ya moshi wa jikoni ili mchwa wasilifikie. Humo mlikuwa na msumeno wa mkono wenye meno makubwa, kishoka chenye mpini uliong'azwa na jasho, mshipi mpana wa ngozi ya ng'ombe, kamba mbili za katani alizozisokota mwenyewe, jiwe la kunolea, na kopo la mafuta ya taa ya kufutia utomvu. Kila asubuhi aliipitisha kamba yote viganjani, polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayesali rozari. Tawi zito hakulikatia juu kwa pupa. Alianza kulichanja kwa chini, ili likianguka lisichune gome la shina. Kidonda kilichobaki alikipaka samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu na udongo wa kichuguu, akakisawazisha kwa kidole gumba. Mimi ndiye niliyeukanda mchanganyiko huo kabla ya kengele ya shule, na wenzangu walinitania kwamba nimezaliwa zizini.

Hata hivyo, chombo chake kikuu kilikuwa sikio. Kabla ya kupanda, aliugonga mti kwa mgongo wa kishoka huku shavu lake limegusa gome. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi na ngumu. Mti uliooza ndani huchelewa kujibu, kisha hutoa sauti nene kama mtungi mtupu. Ule mzima aliuchora mstari mmoja wa mkaa. Uliooza aliuchora msalaba, na mti wa msalaba hakuukwea kamwe: aliuegemezea ngazi, akaufunga kamba, na wanaume wakavuta tawi kutoka mbali.

Mwaka ambao vijana wetu walikwenda vitani, sikio hilo lilianza kumwacha. Mkewe, Mama Anastazia, ndiye aliyegundua kwanza. "Namwita ale, anazidi kunoa msumeno," alimlalamikia mama yangu. "Sijui ananikimbia mimi au ugali wangu!" Marume mwenyewe hakucheka. Alinichukua asubuhi moja hadi kwenye mkaratusi wa shule.

"Deo, miti naisikia kwa mbali siku hizi. Wewe utaniambia. Ukisikia mtungi, sema mtungi."

"Nitasema, Marume."

"Hata nikikukatalia?"

"Hata ukinikatalia."

Basi tukawa watu wawili wenye shavu kwenye gome, yeye upande huu na mimi upande ule.

Vita vilipokwisha, redio ya ofisi ya kijiji ilizungukwa na watu kama msiba au harusi. Habari zikaja kwamba vijana wetu wangeteremshwa kwa lori, na miongoni mwao alikuwamo Laurenti, mtoto pekee wa kiume wa Marume. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Jukwaa lingejengwa chini ya mikaratusi. Marume angeondoa matawi makavu yaliyoning'inia juu yake, na wanafunzi wangepaka mashina chokaa. Kila darasa lilipewa miti yake, na kiranja ambaye miti yake ingependeza kuliko yote angebeba bendera mbele ya gwaride. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa la nne. Sidhani kama kuna kitu nilichokitamani maishani kama bendera ile.

Kwa asubuhi mbili, kabla ya vumbi kuamka, tuligonga miti yote. Miwili ilichorwa msalaba bila ubishi. Tulipoufikia mti uliokuwa karibu kabisa na jukwaa, Marume alisema, "Huu mzima."

"Mtungi, Marume."

Aligonga tena. Alinitazama, akatabasamu kidogo kwa huzuni, akachora msalaba. "Sikio langu limesema," alisema.

Mti huo ulikuwa wa darasa la nne. Siku iliyofuata nilisimama mbele yake na brashi ya katani mkononi, na msalaba ule ukanitazama usawa wa kifua. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote pale. Nikapaka. Mkaa ulijipenyeza juu ya weupe kama doa la kijivu, nikapaka mara ya pili, na ya tatu, mpaka shina likawa jeupe kama shati la Pasaka. Madarasa mengine nayo yalifanya hivyo hivyo, na kufikia mchana hapakuwa na alama hata moja iliyoonekana kijijini.

Marume alikuja na gunia lake asubuhi ya siku ya ugeni. Alipoona mashina yalivyo, alishika kiuno. "Mmenizikia vitabu vyangu!" alisema, na watu wakacheka. Kisha akanivuta pembeni. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, ngoma zinarindima, na hata mwenye masikio mazima asingeweza kusikia mti ukijibu.

"Misalaba ilikuwa mitatu au miwili? Huu wa jukwaani nakumbuka niliusikia mzima."

Nililitazama shina langu. Ikiwa ningesema ni mitatu, ngazi ingeegemezwa pale, kamba zingezungushwa, wanaume kumi wangevuta, na chokaa yangu ingechunwa yote saa chache kabla ya gwaride.

"Miwili tu, Marume."

"Si ulisema mtungi hapa?"

"Ule ulikuwa mwingine."

Alinipapasa kichwa, akajifunga mshipi, akapanda.

Sitaeleza sana. Alikuwa amefika kwenye panda ya kwanza, juu kidogo kuliko bati la shule, na alikuwa akiishusha kamba moja ili afungiwe msumeno auvute juu. Sauti niliyoisikia haikuwa ya kupasuka. Ilikuwa nene, ya kuchelewa. Panda iliachia, kamba ya pili iliyofungwa kwenye mshipi wake ikamzuia nusu ya njia na kumbamiza kwenye shina, kisha ikamteremsha chini. Ngoma zilinyamaza moja moja, kila mpigaji kwa wakati aliotambua. Nyonga ilikuwa imevunjika, na juu ya chokaa yangu palibaki mchirizi mrefu ambao hadi leo naweza kuuchora.

Mwenyekiti aliinama juu yake. "Bukuru, mti huu uliugonga?"

"Niliugonga," alijibu huku akihema. "Niliusikia mzima. Mtoto alisema mtungi, mimi nikasahau ni mti upi."

Watu waliangaliana. Mtu mmoja akasema kwamba masikio yamemdanganya. Mwingine akasema ni rubisi ya jana, ingawa Marume hakuwa mnywaji. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka hapo, mikono yangu ni myeupe hadi kwenye viwiko, na sikufungua mdomo.

Alipelekwa hospitali ya Rulenge. Lori la vijana lilifika jioni ileile. Laurenti aliruka chini, akatafuta kwa macho katika umati, akauliza, "Baba yuko wapi?" Bendera hakupewa mtu.

Nyonga iliunga, ingawa hatembei sawasawa. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo. Ni chuoni tu, nilipokuwa nikijifunza kumfundisha mtoto kuamini jibu alilolipata mwenyewe, ndipo nilipotambua nilichokivunja. Marume hakupanda mti tena, na sababu haikuwa mguu. Aliacha kuliamini sikio lake na kumbukumbu yake pia. Watu waliacha kumwita. Gunia lilibaki juu ya moshi mpaka kamba zikakauka na kukatika zenyewe.

Sasa hasikii kabisa. Lakini alijifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima, na mlangoni pake kuna kibao na kipande cha chaki kwa ajili ya kila mwenye neno naye. Juma lililopita nilikwenda. Nilipiga goti, nikaandika shikamoo, akaitikia kwa sauti kubwa ya viziwi: "Marahaba, mwalimu!" Nikampa kurasa mbili nilizokuwa nimeziandika. Alizisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na alipofika mwisho alirudi katikati.

"Kwa hiyo niliuchora," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Msalaba?"

Nikachora msalaba kwenye kibao. Akaugusa kwa kidole. Nilingoja anifukuze. Ningefurahi anifukuze.

"Mimi umeniambia," alisema hatimaye. "Wale waliokuwepo, nani atawaambia?"

Nikafuta msalaba na kuandika: Mimi. Hii ni ahadi ya pili niliyompa, na safari hii sikuitoa kwa wepesi.

Basi nawaomba, ninyi mliosimama chini ya mikaratusi ile upande wa Kanazi, na watoto wenu mliowasimulia: mkipita mlangoni kwa mzee Bukuru, chukueni chaki, mwandikieni kwamba mnajua alama aliiweka.