Mteja wa Jumamosi na Kiwambo Chake

Kila Jumamosi saa nne anaingia dukani kwetu hapa Kansas, kofia ya kuwindia kichwani, kuja kumwona "mtoto". Mtoto ni kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki alichonunua mwezi wa pili. Sheria inamruhusu kukimiliki, lakini mpaka kibali cha serikali kuu kitoke kinakaa kabatini mwetu, naye anakishika mbele yangu tu. Anafuta kwenye suruali vidole vyake vinene, vilivyochukuliwa alama za kuombea kibali mara mbili kwa sababu ya mafuta ya kuku, anakipakata, anapuliza vumbi ambalo halipo. Kisha anaanza kuhutubia, na sauti inafika mpaka kwenye maegesho.

"Nchi huru gani hii, Darlene? Mtu mzima naomba ruhusa ya kupunguza kelele!"

"Anza na zako, mzee," namjibu, na foleni nzima inacheka.

Juzi, mwezi wa kumi na moja, kibali kikatoka. Akaja na mkewe, mashemeji wawili na bunduki ya marehemu babake, akatusomea kibali chote hadi nambari. Nikampa kiwambo akifunge. Akakizungusha kulia, akakizungusha kushoto. Nikapitisha kidole kwenye ncha ya mtutu: laini kama chupa, haijawahi kuchongwa hesi, ile mizunguko ya skrubu ya kushikia kiwambo.

"Miezi tisa yote, mzee, hukuwahi kuutazama mtutu wako?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Mkewe akanishika mkono.

"Usimuulize tena, dada. Mimi ukimya huu nimeusubiri miaka thelathini."