Fundi wa Makoti Anayeogopa Jiko Lake

Saa tatu asubuhi mjini Kitale, Agosti 1994. Mvua inapiga mabati ya kibanda cha Rispah Nakhungu, naye anawasha njiti ya kibiriti, anaitazama, anaipuliza. Ni ya tatu hiyo. Makaa jikoni bado ni meusi.

Mezani pana koti zito la pikipiki, la pamba iliyotiwa nta. Ni mali ya Kipketer, mhudumu wa mifugo anayezunguka mashamba ya Mlima Elgon. Kipketer alilifua kwa sabuni na maji moto, akidhani anatoa uchafu, kumbe anatoa kinga yenyewe. Sasa linavuja, na saa nane anapanda mlima. Homa ya mapafu ya mwaka jana hajaisahau.

Kazi yenyewe si miujiza. Rispah husugua koti kwa brashi na maji baridi, huyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya kitani, yale ambayo maseremala hupaka mbao, kisha huipaka ingali moto, akiikandamiza kwenye mishono kwa kidole gumba. Hulipwa shilingi mia mbili, na makoti manne kwa wiki ndiyo yanayosomesha wanawe wawili. Jua kali lingetosha kuilainisha nta. Lakini nani, jamani, hukumbuka koti la mvua wakati wa jua?

Basi ni moto tu, na moto Rispah anauogopa kufa.

Mwaka 1987 alikuwa bado anaweka kopo la nta moja kwa moja juu ya makaa. Aligeuka kushona zipu, nta ikashika moto. Nyaruai, muuza vitunguu wa kibanda jirani, akafanya ambalo yeyote angefanya: akamwaga ndoo ya maji. Lo! Nta inayowaka haizimwi kwa maji. Moto uliruka hadi kwenye mabati, ukamla Rispah mkono wa kushoto mpaka kiwiko. Alilazwa wiki sita.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo kopo hukaa ndani ya sufuria ya maji, na Rispah hajawahi kuwasha jiko bila Nyaruai kuketi kando yake na debe la mchanga wa kuzimia moto. Miaka saba sasa. Wengine wangenuniana mpaka kaburini. Hawa wawili hawaachani.

Ila mume wa Nyaruai amepata kazi Bungoma, na mwisho wa mwezi wanahama. Leo mama huyo ameenda kutazama nyumba. Rispah akishindwa kuwasha jiko leo, atashindwa Septemba pia, na hapo riziki yake imekwisha.

"Watu wanasema ati nimezoea," asema. "Sijazoea. Nikisikia hiyo nta inaanza kulia kwa kopo, macho inatafuta mlango. Lakini watoto hawawezi kula uoga yangu."

Njiti ya nne inafika kwenye karatasi. Makaa yanashika. Rispah anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, midomo ikisali, kisha anavuta debe la mchanga kwa mguu. Maji yanachemka, nta inalegea. Matone yanadondoka mezani, lakini anapaka, bega moja kisha la pili, mshono kwa mshono, bila kuondoa macho jikoni.

Saa saba na nusu Kipketer anafika. Rispah anamwagia koti kikombe cha maji begani, nayo yanateleza yote hadi sakafuni. Mteja anauliza aliko mama wa mchanga. Anaambiwa yuko Bungoma. Analitazama jiko, anamtazama fundi, anavaa koti lake na kuelekea mlimani.

Rispah hana mpango wa kuacha kazi hii. Anataka kujenga jiko la udongo lililo mbali na ukuta wa mbao, akipata nafasi. Lakini kuna jambo analolitaka kabla ya hilo.

"Siku Nyaruai akikuja kuniaga, nataka anipate nimeshawasha jiko peke yangu," asema. "Aende na roho safi. Wasiwasi nitabaki nayo mimi."