Ukinunua Mkungu, Hujanunua Shina

Siku ile naikumbuka kwa mvua yake, mwanangu. Mvua ya Tukuyu unaijua: haina haraka, hukaa na watu kama mgeni aliyekuja na begi kubwa. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya steshenari, mkononi nimeshika kipakiti cha plastiki chenye maua yaliyokatwa kwa magome makavu ya mgomba, nikajiambia moyoni kwamba kwa kuwa nimekinunua, kila kilichomo ni changu. Wazo hilo moja, ambalo hata sikulitamka, ndilo lililoanza kumvunja mtu. Nataka nikueleze polepole, kwa sababu simu iliyo mfukoni mwako hufanya kwa kufumba na kufumbua kile kilichonichukua mimi mchana mzima.

Huenda utasema bado sijafika umri wa kuitwa mzee. Ni kweli, mvi zangu zinahesabika. Lakini lipo kosa linalomzeesha mtu kabla ya siku zake.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Kiwanda cha chai alichofanyia kazi baba yangu kilikuwa kimepata wenyewe wapya, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, yeye akiwemo. Kiinua mgongo chake akakitumia kunipeleka Mbeya nikajifunze kompyuta. "Chai imeshanichoka," aliniambia. "Labda hiyo mashine itakupenda wewe." Niliporudi niliajiriwa na Mzee Salumu, mfanyabiashara mpole aliyekuwa na duka karibu na soko. Alikuwa ameleta kompyuta, printa na skana. Skana, kama hukuwahi kuiona, ni mashine yenye kioo: unalaza kitu juu yake, taa inapita chini, na picha ya kitu kile inaingia kwenye kompyuta. Watu walikuwa wakiacha mvua nje na kuingia kuitazama ikifanya kazi, bila kununua hata kalamu.

Dukani tuliuza pia mapambo ya albamu. Siku zile mtu akioa, mtoto akipata kipaimara, au familia ikimzika mzazi wao, picha zilibandikwa kwenye albamu na kila ukurasa ukapambwa kwa mkono. Mapambo mazuri kuliko yote yalitoka kijiji cha Masoko, kwa Mama Subilaga. Alikuwa mjane, mkulima wa migomba na kahawa kama majirani zake. Aliambua magome makavu ya mgomba, akayaloweka, akayanyoosha chini ya jiwe, akayapanga kwa rangi, yenye weusi huku na yenye rangi ya maziwa kule, kisha akakata maua kwa wembe. Alikuwa amewafundisha wanawake saba wa kijijini kwake kazi hiyo. Kila ua lilikuwa na petali sita, na moja kati ya hizo siku zote ilikuwa fupi kuliko wenzake.

Mimi nilidhani ni kosa. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini kijana aliyetoka Mbeya na cheti huona aibu kuuliza.

Mwanzo wangu haukuwa mbaya, nawe lisikilize hili vizuri. Dada yangu alikuwa ameolewa. Nikanunua kipakiti kimoja, nikalaza ua kwenye kioo cha skana, nikalichapa dogo na kubwa, nikapamba albamu ya dada. Hapo sikumdhuru mtu. Mstari niliuvuka wiki iliyofuata, mteja alipotaka kadi za harusi nami nikaliweka ua lile juu ya kadi zote. Mzee Salumu alichukua moja akaisogeza karibu na macho.

"Hili si ua la Mama Subilaga?"

"Ndilo, mzee."

"Umemwambia?"

"Mzee, nimelinunua hapahapa dukani kwako. Risiti nimeikata kwa mkono wangu."

Akacheka. "Haya, mtaalamu. Ila huyo mama anakuja kila Alhamisi, na kuuliza hakutumii umeme."

Sikuuliza. Badala yake nilifanya jambo linaloniuma mpaka leo. Nililikuza ua likajaa kioo chote cha kompyuta, nikachukua petali ndefu, nikainakili juu ya ile fupi. Sasa zote sita zikalingana. Nilijipongeza, mwanangu. Niliona nimemsaidia mama wa watu kumaliza kazi iliyomshinda.

Chema chajiuza, kadi zikapendwa. Rafiki yangu niliyesoma naye Mbeya akapita dukani, akaniomba lile ua, nikampa kwenye flopi, kile kisahani cha kuhifadhia kazi za kompyuta, kama mtu anayegawa maji. Naye akampa mwenzake. Kabla mwaka haujaisha niliyaona maua yale kwenye kalenda, kwenye kadi za kipaimara, hata kwenye vyeti vya chekechea. Na kila Alhamisi, Mama Subilaga alipokaribia mlangoni akikung'uta mwavuli, nilizifunika kadi zetu kwa gazeti. Kumbe moyo wangu ulikwisha kujua, kichwa ndicho kilichokuwa kikikataa.

Ikaja Alhamisi ya mama mnunuzi. Alitoka Mbeya, alikuwa akikusanya kazi za mikono na kuzipeleka kwenye maduka ya zawadi. Barabara ya Masoko ilikuwa tope tupu, kwa hiyo wakakubaliana kukutana dukani kwetu. Mzee Salumu alikuwa amesafiri kufuata karatasi. Mama Subilaga alikuja na Atupele, mwanafunzi wake wa kwanza katika kazi ile, wamebeba boksi lililofunikwa kwa kanga. Mama yule angeikubali kazi yao, wale wanawake wanane wangekuwa na mtu wa kuwachukulia maua mwaka mzima, wasitegemee tena misimu ya kahawa. Walikuwa wamekesha siku kadhaa wakikata.

Mnunuzi alilifunua boksi, akayatazama maua, kisha akatoa kadi kwenye pochi yake.

"Mama, hizi zimejaa Mbeya. Mbona mnaiga kadi za kompyuta?"

"Tunaiga?" Mama Subilaga hakuelewa.

"Tazama mwenyewe. Ua ni lilelile. Tena la kompyuta limekamilika, lenu limekosea hapa. Siwezi kupeleka kwa wateja wangu nakala iliyoharibika."

Mama Subilaga aliishika ile kadi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa picha ya marehemu. Kisha akanigeukia mimi. Angenigeukia kwa hasira ningejitetea, lakini alinigeukia kwa matumaini.

"Mwanangu, wewe ndiye unayezijua mashine. Mwambie mama huyu lipi lilitangulia."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Chini ya gazeti, hatua moja kutoka mkono wangu, kulikuwa na kadi zaidi ya mia zenye ua lake.

"Sijui, mama," nikasema. "Maua yanafanana."

Atupele ndiye aliyelifunika boksi.

Habari za namna hiyo hutembea upesi kuliko gari. Wale wanawake saba walijiuliza kama mwalimu wao alikuwa amewafundisha kazi ya wizi, wakaacha mmoja baada ya mwingine, Atupele wa kwanza. Mama Subilaga akaacha kuja Alhamisi. Kisha siku moja ya gulio nilimwona sokoni akinunua chumvi, na kijana muuza ndizi akapaza sauti: "Mama Fotokopi! Nitolee nakala mbili, ya rangi!" Watu wakacheka. Yeye alipokea chumvi yake, akashukuru, "Ndaga," kwa sauti ileile ya siku zote, akaondoka bila kuharakisha mwendo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Masoko. Nilimkuta mgombani akipogoa majani makavu. Nilimwamkia, nikamwambia yote: skana, kadi, flopi, gazeti. Alisikiliza mpaka mwisho, panga likiwa limening'inia mkononi.

"Na ile petali, wewe ndiye uliyeirefusha?"

"Ndiyo, mama. Nilidhani ni kosa."

"Ile ndiyo mimi," akasema. "Shule sikwenda, kalamu inanishinda. Nilipokata ua la kwanza nikasema, hii fupi ndiyo sahihi yangu. Mtu akiiona hata Dar es Salaam, atajua huyu ni Subilaga wa Masoko."

Akaweka kiganja chake juu ya mgomba uliokuwa kando yake.

"Ukinunua mkungu sokoni, ni wako. Utaula, utawapa wageni, hata ukiuacha uoze hakuna wa kukuuliza. Lakini hujanunua shina. Ukitaka shina lake, unakuja kwa mwenyewe unaomba chipukizi. Umewahi kusikia mtu wa huku kwetu amenyimwa chipukizi la mgomba?"

"Hapana, mama."

"Basi ungeomba."

Hakunitukana, mwanangu. Afadhali angenitukana. Aliniagiza jambo moja tu: niseme ukweli palepale nilipouficha. Nikasimama mbele ya wale wanawake saba nikasema. Wengine walilia, wengine waliniita majina ambayo sitayataja. Atupele aliniuliza swali moja, "Mdomo huu unaoongea leo, siku ile ulikuwa umeuacha wapi?" Nikapanda gari mpaka Mbeya kwa yule mnunuzi. Alinisikiliza kwa adabu. "Asante kwa kuja," akasema, "ila wateja wangu wameshazoea lililokamilika." Nikarudi Tukuyu nikalifuta ua kwenye kompyuta. Mzee Salumu alinitazama nikilifuta, hakunifukuza kazi. Alisema tu, "Alhamisi hatakuja tena." Maji yakimwagika hayazoleki, na flopi nilizogawa sikujua hata ziko wilaya gani.

Wanawake walirudi kumwomba radhi, naye akawasamehe wote. Lakini wembe hakuushika tena. Alisema kila akikata ile petali fupi anasikia watu wakicheka.

Miaka michache baadaye aliugua kifua, akafariki. Tulikwenda kumzika, watu wengi, tumekaa juu ya majani ya migomba, wanaume upande wetu na wanawake upande wao. Mpwa wake alikuwa amechapisha ratiba ya ibada huko Mbeya, kwa nia njema kabisa, zikagawiwa mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu nikaona picha ya Mama Subilaga, jina lake kamili, na kando ya jina, ua. Nilihesabu petali. Sita, zote sawa.

Jirani yangu alinong'ona, "Karatasi nzuri hii, wameipendezesha." Upande wa pili nilimwona Atupele akiitazama ya kwake. Aliinua macho akanitazama mimi, kisha akaikunja karatasi mara mbili, ua likabaki ndani. Siku ya kumzika, kila kitu chake kilikuwepo pale isipokuwa sahihi yake.

Sasa nikuase, mwanangu, nawe usiogope, maana sikukatazi kutumia mashine. Mashine haina dhambi, hata ile skana haikuwa nayo. Pambo ulilonunua dukani libandike unapotaka. Ukilipiga picha kwa ajili ya albamu ya nyumbani kwako, sidhani kama aliyelikata angenung'unika. Lakini siku utakapotaka kulizalisha, uwauzie watu au umgawie kila anayeomba, ujue umeuacha mkungu na umeingia kwenye shina. Simama hapo umtafute mwenyewe. Kama yuko mbali, tuma ujumbe. Kama hajulikani, chora la kwako, hata likiwa baya. Ukikuta alama usiyoielewa katika kazi ya mtu, usiisahihishe kabla hujauliza, huenda ndilo jina lake. Na ukishakosea, kama nilivyokosea mimi, useme mapema. Kuiga peke yake kungeweza kusameheka siku ileile. Kilichomvunja yule mama ni lile "sijui" langu, neno moja nililolisema nikiwa najua.

Mungu akubariki mikono, mwanangu, iweze kubuni ya kwake yenyewe. Akupe ujasiri wa kuomba na majirani wa kukupa. Na siku yako ikifika, wakuage kwa alama uliyoiweka wewe mwenyewe.