Ufuta Sebuleni kwa Mwingereza

Asubuhi ile niliamka Kiranjeranje, nikafunga begi, nikapanda lori la kwanza lililosimama. Dereva akauliza ninaenda wapi. "Nitakapopapenda," nikamjibu. Akacheka hadi akakosea gia.

Nilishuka kabla ya Lindi, kwa sababu niliona safu mbili za mivinje zikiingia porini, zimenyooka kama zimepigwa rula. Miti haijipangi hivyo yenyewe. Nikazifuata.

Mwisho wake palikuwa na jumba la mawe la ghorofa moja, na juu yake dohani ya kutolea moshi. Mwingereza aliyelijenga enzi za mkonge alitaka mahali pa kuota moto sebuleni, na joto letu hili! Sasa humo kuku alikuwa anaatamia. Mkonge umegeuka kichaka, na shamba ni la mama mmoja na mumewe: mbuzi, mikorosho na ufuta.

Matita ya ufuta yalikuwa yamesimamishwa uani yakauke, na wingu jeusi lisilo la msimu lilikuwa linapanda. Mama mwenye shamba alikuwa mbioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi. Natafuta pa kulala."

"Ufuta wangu wa mwaka mzima ukilowa, hapa halali mtu. Beba!"

Nikanyakua tita, nikalitupa begani kama kuni, vichwa chini. Nyuma yangu nikasikia kitu kama mchanga unamwagika. Maganda yalikuwa yameshapasuka, mbegu zinamwagika. Kuku wakanifuata kama msafara wa harusi.

"We mjomba!" mume akaita kutoka barazani, kakumbatia tita lake. "Unabeba au unapanda?"

"Wima!" mama akadakia. "Likumbatie kama mnacheza dansi!"

Basi nikacheza dansi. Tulijaza sebule, tukajaza ngazi, tukajaza vyumba vyote. Yule kuku wa kwenye dohani hakutingishika. Tita la mwisho liliingia pamoja na matone ya kwanza, na mama akaketi sakafuni akacheka peke yake.

"Sasa mgeni tunamlaza wapi?" mume akauliza.

Mama akanipeleka bafuni kwa Mwingereza. Palikuwa na beseni refu la chuma lenye miguu ya simba, wanalolowekea mihogo. Akalifuta, akatandika godoro la sufi ndani yake.

"Maji hayatoki tangu sijaolewa," akanitoa wasiwasi.

Nikajilaza, visigino vikining'inia nje, matita yamenizunguka hadi dirishani.

"Ukijigeuza, polepole," akasema mlangoni. "Ufuta wa kichwani kwako umeshapasuka."