Mchezo wa Bhoke wa Kujificha

Jana mwanangu alitikisa dadu ndani ya kikombe cha bati, na ule mlio ukanirudisha kijijini kwetu Nyakunguru, enzi dhahabu ilipowatia watu wazimu na baba akaacha shamba kwenda kuchimba.

Mvua ikinyesha, dada yangu Bhoke alichora vichaka, mashimo na vifusi kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni. Punje ya harage ilikuwa mtu anayejificha, punje ya hindi ilikuwa anayemtafuta. Kila mmoja alirusha dadu, mwenye namba kubwa akashinda. Harage likiwa kwenye majani marefu liliongezewa moja. Likipita juu ya kokoto lilipunguziwa, maana kokoto zina kelele. Namba zikilingana, Bhoke aliamua: "Hajaonekana, ila amesikika. Ahame." Nililalamika kwamba anapendelea maharage, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa harage siku zote.

Msimu huo mmoja wa wenye mashimo ya dhahabu, mtu mzima mwenye wake tayari, alileta ng'ombe kumposa Bhoke. Baba akawapokea. Mama akarudi jikoni.

Siku moja Bhoke akaniuliza huku akitikisa kikombe, "Robi, ungekuwa baba, ungetafuta wapi kwanza?"

"Kwa mama mkubwa, Kenyamonta," nikajibu, nikarusha, nikashinda, nikashangilia.

Asubuhi ya siku ya mnada wa mifugo Bhoke alitoka na ndoo kwenda kisimani, hakurudi. Baba alikwenda moja kwa moja Kenyamonta, akarudi na vumbi tu. Baba wadogo wakaizunguka kata yote ya Kemambo. Mama peke yake hakuinuka. Alikaa akichambua mboga, nami nikamchukia, nikiona hana uchungu na mwanawe.

Ni alipokuwa mgonjwa, mimi nikiwa mtu mzima, ndipo aliponiambia, "Ningepiga hatua upande wowote, baba yenu angenifuata nyuma." Hakupona.

Bhoke alirudi tumeshamzika mama. Miaka yote alikuwa Musoma, akishona nguo. Alisimama kaburini, akaniuliza, "Mama alinitafuta?"

Nikamweleza maneno ya mama, nikidhani yatamfariji. Akaketi chini kwenye udongo.

"Cherehani yangu niliiweka karibu na stendi," akasema. "Ili akishuka, anione."

Utotoni nilidhani anayejificha hataki kuonekana na mtu yeyote.