Kitanda Ndani ya Gari la Mizigo

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili aliniomba jambo moja tu: niende kwao, mbele ya Namanyere, nikamlete mama yake aje amwangalie yeye na mtoto. Safari yenyewe si ndefu. Mtu akitoka Sumbawanga asubuhi anaweza kufika, kula na kurudi kabla giza halijaingia. Lakini ukweni hakuendwi hivyo. Baba mkwe alinipigia simu akasema, "Safari hii unalala, mkwe. Nimechoka kuuona mgongo wako." Nikamwambia nitalala. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupanga nitalala wapi.

Niseme kwanza habari za gari. Mimi ni mtu wa Mbeya, kazi yangu ni kupima mashamba na viwanja, na kwa miaka mingi nimelala katika nyumba za wageni za kila aina, kuanzia Mtowisa kwenye joto na mbu hadi huku juu kwenye baridi. Kunguni wa Rukwa wananijua kwa jina. Mwaka jana nilinunua Haisi kuukuu ya mizigo kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa akisambazia sukari na mafuta ya kula madukani, nikaipeleka kwa rafiki yangu seremala. Tulikaa nayo miezi miwili. Kuta tulizijaza sponji tukazifunika kwa plaiwudi, sakafuni tukatandika zulia. Tukapiga kitanda chenye droo chini yake, godoro la inchi sita, rafu ya vyombo, jiko dogo la gesi, ndoo ya maji yenye koki, na betri ya sola ya kuwashia taa. Nyuma ya viti vya mbele tuliweka ukuta wa mbao, ili aliyekaa mbele asione kitu.

Nje hatukugusa. Seremala alitaka kupiga rangi, nikamkatalia. Mikwaruzo niliiacha, kutu niliiacha, na juu ya paa nikafunga magunia matupu kwa kamba. Vioo vya nyuma tulivipaka rangi nyeusi. Ukiliona gari lile unaapa limebeba misumari na saruji. Wezi hawatajua kilichomo, nilijisifu, na mimi nitalala mahali popote kama mfalme.

Mke wangu alilipenda, ila alinionya.

"Usije ukalala humo kwa baba," alisema siku ya kuondoka, huku akimnyonyesha mtoto.

"Kwani nimesema nitalala humo?"

"Hujasema. Lakini nakujua."

Nilicheka tu. Sikuwa nimemwambia kwamba mara ya mwisho nilipolala kwao, miaka mitatu nyuma, nilijikuna wiki nzima.

Saa tatu asubuhi niliiacha Sumbawanga. Ilikuwa Julai, mwezi ambao upepo wa Ufipa unapenya hata koti la sufi. Barabara ni ya lami, na pande zote ni mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama, ng'ombe wameachiliwa wale masalia. Huku hakuna msitu wa kukuzuia macho. Unaona mtu akiwa mbali sana, anakua taratibu mpaka anafika kwenye kioo chako na kukupungia mkono. Niliendesha polepole nikisikiliza kama kuna kikombe kinachogonga kule nyuma. Hakikugonga hata kimoja, nami nikamshukuru seremala wangu.

Chala nilisimama ninywe chai. Mama aliyenihudumia alilitazama gari.

"Umebeba nini, kaka?"

"Mzigo wa mtu tu," nikamjibu.

Aliridhika, akarudi kwenye maandazi yake. Sikuwa nimeufikiria uongo ule kabla ya hapo. Ulitoka wenyewe, mwepesi kabisa, na nilipoona umekubalika nikaamua kwenda nao hadi ukweni.

Namanyere nilinunua kanga za mama mkwe, sukari, sabuni na kilo tatu za nyama. Baada ya hapo nikaiacha lami na kushika njia ya vumbi.

Saa nane mchana nilifika. Baba mkwe, Mzee Pankrasi, ni mtu mrefu mwembamba, anayeongea sana na kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku amenishika mkono na haachii. Mama mkwe aliuliza habari za mzazi, za mtoto, kama ananyonya, kama kitovu kimedondoka. Kisha mzee akaninyooshea kidole mlango wa mwisho wa nyumba.

"Chumba chako kile. Twende ukakione."

Sikwenda kukiona. Nilijua nikiingia humo nitashindwa kusema nililokusudia.

"Baba, samahani," nikasema. "Safari hii nimepewa mzigo wa mtu. Vipuri vya mashine, vya bei kubwa. Siwezi kuuacha peke yake. Itabidi nilale garini."

"Garini wapi?"

"Kwenye kiti, baba. Nimezoea."

"Na baridi hii? Tuushushe, tuuingize ndani."

"Mwenyewe ameufunga kwa kufuli. Funguo anazo yeye."

Mzee alilizunguka gari, akapiga bati kwa kiganja mara mbili. Utani ulikuwa umemwisha. "Basi mwenye mzigo hana huruma na wewe," alisema. Mama mkwe alitikisa kichwa, akaniambia pole. Nami, msomaji wangu, niliipokea pole ile.

Tulikula ugali wa ulezi na kuku, tukaongea mpaka saa mbili usiku. Nikaaga, nikaingia garini kwa mlango wa dereva ili waone nakaa kitini. Nilisubiri kidogo, nikateremka kimya, nikazunguka nikafungua mlango wa pembeni, nikaingia chumbani kwangu. Nilijifunika mablanketi mawili. Kuna wakati nilisikia mtu akikohoa karibu. Nikadhani ni mpita njia, nikageuka upande wa pili.

Saa kumi na mbili asubuhi niliamka, nikawasha taa na jiko, nikajipikia kahawa. Nilifungua mlango nikiwa na soksi miguuni na kikombe mkononi, nikitaka kuona kunavyopambazuka.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, hatua mbili kutoka mlangoni. Alijifunika blanketi juu ya koti la mvua, na panga lilikuwa mapajani. Mbele yake palikuwa na majivu ya magunzi, moto umekwisha kuzimika zamani. Umande ulikuwa umetanda juu ya blanketi lake hadi limekuwa jeupe mabegani.

Mwanga wa taa yangu ulimwangukia usoni. Najua alichokiona, maana nilikuwa nimefungua mlango wote: kitanda, mto, zulia, kijiko juu ya rafu, jiko linawaka. Hata kumwamkia nilisahau.

"Umeamka, mkwe," alisema. Akatazama ndani, kisha akatazama chini. "Wezi hawakuja."

Nilimpa kikombe changu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akasema, "Ina sukari nzuri." Vidole vyake vilikuwa havikunjiki vizuri. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unajua pa kushika, unaweza hata kujitetea. Yeye alikuwa anakunywa kahawa yangu.

Wakati huo jirani mmoja, ambaye habari za mzigo zilikuwa zimemfikia, alipita na ndoo, anakwenda kukamua.

"Shikamoo, mzee. Mmeulinda mzigo wa watu?"

"Tumeulinda," baba mkwe akajibu. Alinyoosha mkono akausukuma mlango wa gari ukajifunga, kabla jirani hajasogea.

Saa moja na nusu niliitwa ndani kunywa uji. Kupita ukumbini ilibidi nipite mbele ya kile chumba cha mwisho, na mlango ulikuwa wazi. Godoro lilikuwa jipya, bado limo ndani ya nailoni yake. Neti mpya ilikuwa inaning'inia, na dirisha lilikuwa limewekewa kioo, kioo pekee katika nyumba nzima. Hakukuwa na mahali pa kunguni kujificha. Uji niliunywa nimeinama.

Saa tatu tulianza kupakia vitu vya mama mkwe: gunia la ulezi wa uji wa mzazi, maharage, kuku wawili kwenye tenga, na sanduku lake. Mama mwenyewe alikwisha kubeba furushi anaelekea nyuma, baba mkwe akamzuia.

"Wewe kaa mbele. Huko nyuma mzigo wa mtu umepangwa, usije ukauvuruga. Tutapakia sisi."

"Si amesema funguo hana?" mama aliuliza.

"Pembeni pana nafasi," mzee akasema, akamshika mkono hadi kiti cha mbele.

Tulibaki wawili. Nilifungua mlango kwa kiasi tu. Baba mkwe alivua kandambili zake, akazipanga chini, ndipo akapanda juu ya zulia langu kwa magoti. Alipokea gunia akaliweka kwenye kona ya sakafu.

"Baba, weka tu kitandani," nikamwambia.

"Hapana. Patachafuka."

Nilianza kuomba radhi. Maneno yalinitoka vipande vipande, kuhusu mgongo, kuhusu kazi, hata kunguni sikuweza kuwataja. Alinisikiliza huku akikagua kama tenga limekaa sawa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, "Ungeniambia tu, mkwe. Ningeenda kulala."

Njia nzima ya kurudi mama mkwe alinionea huruma. Alisema macho yangu ni mekundu. Alisema watu wenye mali wanawatesa madereva. Tulipopita Chala alitaka nisimamishe gari nisinzie kidogo, yeye atalinda. Mara tatu nilifungua kinywa nimwambie, na mara tatu nikauliza habari za mavuno. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Saa nane tulifika nyumbani. Mama alimpokea mjukuu, akamwimbia kwa Kifipa. Mke wangu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto.

"Ulilala wapi?"

Mama akawahi kujibu. "Maskini, alilala kitini, analinda vipuri vya mtu. Baba yako naye alikesha nje kumsaidia."

Mke wangu alijua gari lile lina nini. Aliendelea kunitazama, macho yakaanza kujaa machozi, na hapo sikuweza tena.

"Mama," nikasema, "naomba uje nje kidogo."

Nilifungua mlango wa pembeni wote. Alichungulia. Alinyoosha mkono akalibonyeza godoro mara moja, akautoa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mzee alijua?"

"Asubuhi, mama. Nilipofungua mlango."

"Ndiyo maana hakutaka nishike vitu vyangu." Alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akavuta gunia la ulezi hadi mlangoni. Nilimpokonya nikalibeba. Kabla hatujaingia ndani alinishika kiwiko.

"Akikupigia simu," alisema, "usimwambie kama nimeona."

Nilimwahidi. Nilikuwa nimetumia miezi miwili na seremala mzuri kujifunza kuficha mambo kwa faida yangu mwenyewe. Wazee wale wawili, kila mmoja peke yake, walikuwa wakificha kwa ajili ya mwenzake, na kwa ajili yangu. Jioni baba mkwe alipiga simu, akauliza kama tumefika salama, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Nilimsubiri amalize, nikamwambia kwamba mwezi ujao nakuja kulala.