Salamu za Marehemu Makabe

Hatsue Makabe alikuwa mtu wa kupisha. Kwenye foleni ya duka la tofu alimpisha aliyekuja nyuma yake, kwenye mlango wa basi alipisha mpaka watoto wa shule, na katika jiko la shule ya msingi alikopika miaka ishirini na sita, sufuria zito lilibaki la kubebwa na yeye kwa sababu wenzake wote walishapishwa kwenye mepesi. Mumewe Tetsuro alikuwa kinyume chake kabisa. Yule hakumpisha mtu, si nyumbani si barabarani. Hasa barabarani, maana alikuwa na Subaru ya buluu yenye injini ya turbo, na sijui kama kuna binadamu aliyewahi kupapaswa na mikono ile kama bati la gari lile.

Alipolazwa mara ya mwisho, alimwita mkewe karibu na kitanda akamwambia, "Betri usiiache ife." Kesho yake akafa yeye. Wengine huachiwa shamba, wengine huachiwa hata neno la asante. Hatsue aliachiwa betri.

Basi kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi alivaa kofia ya marehemu, akavuta kiti mbele, akaipandisha Subaru mlima Kuramine, katikati ya mashamba ya chai. Saa hiyo ndiyo ya wapenda magari. Wanapanda na mashine zao zilizosuguliwa zikang'aa, kabla watalii hawajaamka. Hatsue akiona mmoja amemfikia kwa nyuma, aliwasha indiketa, akajibana kando pale kwenye banda la chai, akampisha. Na kila aliyepita aliwasha zile taa mbili za nyuma kwa pamoja, mara mbili, ndiyo asante ya kule. Waliokuwa wakishuka waliinua mkono juu ya usukani.

Alizipenda salamu zile, tusifichane. Mwanawe Kazuma alikuwa Sapporo na alipiga simu mwaka mpya. Kazini alishastaafu. Kulikuwa na wiki nzima ambapo hakuna kiumbe mwingine aliyemwashia wala kumpungia chochote. Jumapili moja alipata salamu kumi na moja, akazikumbuka zote jioni akiosha bakuli lake moja.

Lakini dhamiri ilimsuta. Nani alikuwa akisalimiwa? Gari lile lilijulikana mlima mzima, na kofia ile pia. Mazishi yalikuwa ya ndugu tu, wale wa mlimani hawakuambiwa. Bila shaka walidhani Tetsuro yu hai, na yeye Hatsue alikuwa akila salamu za marehemu. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia. Kwa hiyo bwana mmoja wa Hamamatsu alipopiga simu kutaka kulinunua gari, Hatsue alikubali na kugonga muhuri wake kwenye hati ya mauzo. Angekuja Jumatatu.

Jumapili ya mwisho alinunua boksi la maandazi ya maharage matamu, maana huendi kuomba radhi mikono mitupu. Akapanda hadi kileleni, kwenye maegesho yenye mashine ya vinywaji ambako wapenda magari husimama kupiga soga. Hakuwahi kusimama pale. Alishuka, akawanyoshea boksi wanaume watano waliokuwa pale, akainama mpaka kofia ikadondoka.

"Samahanini sana. Mimi si Makabe. Yaani, ni Makabe, lakini ni mkewe. Mwenyewe alifariki mwaka juzi. Nimekuwa nikizipokea salamu zenu kama zangu."

Mmoja wao, Hosaka, fundi vigae mwenye Mazda nyekundu, alivua glavu.

"Pole sana, mama. Tulihisi."

"Mlihisi vipi?"

"Kwani mzee Makabe alimpisha nani? Miaka kumi na miwili nimekaa nyuma ya ile Subaru. Bampa yake naijua kuliko uso wa mke wangu! Siku ilipowasha indiketa pale kwenye banda, nikawaambia hawa, jamani, yule mzee hatunaye. Huyu ni mwingine."

"Sasa mlikuwa mkimsalimia nani?"

"Si ni wewe, mama! Tena una jina. Mama Pita, maana kila mtu wewe humwambia pita. Huyu Dobashi asipokuona Jumapili, ananuna mpaka Jumanne."

"Mwongo mkubwa," alisema Dobashi, andazi mdomoni. "Mpaka Jumatano."

Hatsue alicheka, kisha akalia, na hakujua aanze kufuta macho au pua. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa na jina, na hakuna aliyemwambia.

"Gari nimeshaliuza," alisema. "Linachukuliwa kesho."

"Ghairi!" Hosaka aliruka. "Mpigie sasa hivi, mwambie umebadili mawazo."

"Ameshaomba ruhusa kazini."

"Na wewe je?"

Hatsue aliokota kofia, akaikung'uta vumbi. "Nimeshampisha," alisema.

"Basi njoo na gari lolote," Dobashi alisema. Lakini gari jingine hakuwa nalo. Alikuwa mtu wa basi, na basi halipandi Kuramine.

Jumatatu yule bwana alifika, mpole, mwenye kuinama kila baada ya neno. Hatsue alimwonyesha klachi inakokamata. Ufunguo ulizungushwa mara moja tu, injini ikaitika, betri nzima kabisa. Alisimama getini na kofia mkononi, akalitazama gari likiishia mwisho wa njia.

Pale kwenye kona taa mbili za nyuma ziliwaka kwa pamoja, mara mbili. Hakuwahi kuziona taa za Subaru ile zikimwashia mtu. Siku zote alikuwa ndani.

"Pita tu," alisema kwa sauti, na njia ilikuwa tupu.